Kifundo cha Mguu Kilichovunjika na Kuteguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Huduma ya Dharura na Wakati wa Kupiga Eksirei

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya aliyeumia na wanaomuuguza, na pia kwa ajili ya mhudumu wa afya anayempokea. Wote huishia kwenye swali lile lile: mguu umepinda waziwazi, je, tusubiri picha au tuunyooshe sasa? Naandika nikiwa na msimamo. Ngozi na damu ya wayo ndizo zinazopanga ratiba, na eksirei hutafutiwa nafasi ndani ya ratiba hiyo.

Ni jeraha gani hasa tunalolizungumzia?

Kifundo cha mguu kimeundwa na mifupa mitatu. Muundi kwa ndani na fibula kwa nje hushuka pamoja na kufanya tundu, na mfupa uitwao talusi huingia humo kama ulimi wa mbao unavyoingia kwenye tundu alilochonga seremala. Nundu mbili unazozigusa pembeni mwa kifundo ndizo kuta za tundu hilo. Ukuta wa tatu, usioguswa kirahisi, ni ukingo wa nyuma wa muundi. Kano ngumu huishika mifupa yote pamoja.

Mtu akikanyaga vibaya, akianguka kutoka juu au akigongwa na gari, kuta hizo huweza kuvunjika na kano kukatika, kisha talusi ikateleza na kutoka chini ya muundi. Mara nyingi huelekea nje na nyuma. Wayo huonekana umehama upande na kugeukia nje, na upande wa ndani ngozi imevutwa juu ya ncha ya muundi. Kiungo hiki kuteguka bila mfupa hata mmoja kuvunjika ni jambo nadra, kwa kuwa kano zake ni imara kiasi kwamba mara nyingi mfupa huachia kwanza.

Damu haitoki na mgonjwa anaongea vizuri. Kwa nini iwe dharura?

Kwa sababu uharibifu unaendelea kila dakika kiungo kikiwa nje, hata kama hauonekani.

Kinachonitia hofu zaidi ni ngozi. Upande wa ndani wa kifundo hauna misuli wala mafuta ya kutosha kuikinga. Ncha ya mfupa inapoisukuma kutoka ndani, damu haipiti kwenye sehemu iliyovutwa: ngozi hupauka, hung'aa, kisha huwa ya zambarau. Ikikaa hivyo, hufa. Siku chache baadaye mgonjwa aliyekuja na ngozi nzima anakuwa na kidonda kinachofika mfupani, na upasuaji ambao ungekuwa wa kawaida unageuka kuwa safari ndefu ya kusafisha vidonda na kupandikiza ngozi. Haya huweza kuepukika kabisa, ndiyo maana nayasisitiza.

Halafu kuna mishipa ya damu. Wayo hulishwa hasa na ateri mbili kubwa, moja ikipita mgongoni mwa wayo na nyingine nyuma ya nundu ya ndani. Zote zinaweza kukunjwa au kubanwa kiungo kikitoka. Misuli na neva zikikosa damu kwa takriban saa 6 huanza kupata madhara yasiyorudi nyuma, na ngozi iliyobanwa inaweza kuharibika mapema zaidi. Neva nazo huvutwa. Gegedu ya talusi, yaani tabaka laini linalofunika mfupa kiungoni, husagwa na kingo za mfupa uliovunjika, na uvimbe unaoongezeka hufanya kila hatua inayofuata iwe ngumu zaidi.

Nimemkuta mtu ameumia hivi. Nifanye nini kabla ya kufika hospitali?

Usimsimamishe. Piga simu ya gari la wagonjwa, kisha utazame mwili wake wote kabla ya kuutazama mguu: anapumua vizuri, amegonga kichwa, anatoka damu nyingi mahali pengine? Mguu uliopinda huvuta macho ya kila mtu na kuficha jeraha la tumbo au la shingo.

Fungua kamba za kiatu, na kama hakitoki kirahisi kikate badala ya kukivuta. Shikiza mguu kama ulivyo kwa mto au blanketi lililokunjwa, ukiuzungushia na kuufunga bila kubana, vidole vikiwa wazi ili rangi yake ionekane. Uinue kidogo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa husaidia, lakini usiiweke juu ya ngozi moja kwa moja. Kama kuna jeraha, lifunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji safi, na usiurudishe ndani mfupa unaochomoza. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi. Na kumbuka saa aliyoumia, ukiweza iandike. Ndiyo taarifa ambayo daktari ataiuliza na mara nyingi hakuna anayeijua.

Je, naweza kuunyoosha mwenyewe?

Hapana, wala usimruhusu mtu yeyote kuukanda. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliofunzwa huweza kufanya hivyo njiani pale wayo unapokosa damu, kwa kuwa wana dawa za maumivu na wanajua wanachokitafuta kabla na baada. Mtu asiyefunzwa, bila dawa, kwa kawaida humwongezea mgonjwa maumivu na huacha kiungo pale pale.

Mgonjwa akifika hospitali, kipi kinatangulia?

Uhai kabla ya mguu, daima: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu. Hilo likiwa sawa, dawa ya maumivu ianze mara moja, na uchunguzi wa mguu ufanyike katika dakika hizo hizo.

Vua soksi na bandeji zote. Tazama ngozi pande zote, pamoja na nyuma. Papasa mapigo ya ateri mbili nilizozitaja. Yasipopatikana kwa vidole, tumia kifaa cha dopla, kinachosikiliza damu ikipita kwenye mshipa. Bonyeza kidole cha mguu kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi, ukilinganisha na mguu usioumia. Kisha pima hisia sehemu kwa sehemu, kwenye unyayo, mgongo wa wayo, upenyo kati ya kidole gumba na cha pili, na kingo za ndani na nje. Kumwuliza mgonjwa kama “anahisi mguu” hakutoshi, kwa sababu neva moja inaweza kuwa imeumia na nyingine ziko salama. Mwombe achezeshe vidole.

Panda pia juu hadi chini ya goti. Fibula inaweza kuvunjika karibu na goti huku maumivu yote yakiwa kwenye kifundo, na asiyepapasa huko hataomba picha ya huko.

Andika yote uliyoyakuta, pamoja na saa. Utayapima tena baada ya kurudisha kiungo, na bila maandishi ya mwanzo hakuna atakayejua kama ganzi ya unyayo ilikuwepo tangu ajali au imetokana na tiba.

Eksirei kwanza au kurudisha kwanza?

Hili ndilo lenye mabishano, na kila upande una hoja.

Wanaotaka picha kwanza wanasema kwamba umbo la nje hudanganya. Mguu unaoonekana kama kifundo kilichoteguka unaweza kuwa ni kiungo kilicho chini ya talusi kilichohama, au talusi yenyewe imevunjika shingo, au muundi umevunjika juu kidogo ya kifundo. Namna ya kuvuta hutofautiana. Picha ya mwanzo pia humsaidia mpasuaji kuelewa nguvu zilizovunja mifupa zilielekea wapi.

Wanaotaka kurudisha kwanza wanasema kwamba katika wagonjwa wengi picha huthibitisha tu kile ambacho macho yameshakiona. Mgonjwa husukumwa kwenye machela hadi chumba cha eksirei, husubiri, hupigwa picha huku kila mguso ukimuumiza, kisha hurudishwa. Ngozi imevutwa muda wote huo. Wanaongeza kwamba picha zitapigwa tena baada ya kurudisha, kwa hiyo za kwanza zisipobadilisha uamuzi zimechelewesha tiba bila faida.

Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifupa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2016 unaunganisha hoja hizi: kifundo kilichopinda waziwazi kirudishwe na kufungwa kwa haraka, na eksirei ipigwe kabla ya hapo isipokuwa kama itasababisha ucheleweshaji usiokubalika. Nakubaliana nao. Tatizo ni kwamba “usiokubalika” kila mtu huupima kivyake, na katika chumba chenye kazi nyingi kipimo hicho hurefuka bila mtu kukusudia.

Kwa hiyo natumia kanuni rahisi. Kama wayo ni baridi au mweupe, mapigo hayapo, hisia zimepotea au ngozi imepauka juu ya ncha ya mfupa, eksirei haisubiriwi. Tayarisha dawa na ukirudishe. Kama damu, neva na ngozi ziko salama, muda wa kuandaa dawa ndio muda wa eksirei. Wakati muuguzi anaweka kanula, yaani mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, mofini inaanza kufanya kazi na plasta inaandaliwa, mashine ya kusukumwa iletwe kitandani na picha ipigwe pale pale. Maandalizi yakikamilika kabla ya picha, endelea bila picha. Isipokuwa pale umbo la mguu halieleweki kabisa: hapo, kama damu na ngozi ziko salama, dakika chache za kupata picha zina thamani kuliko kuvuta kwa kubahatisha.

Na kuna jambo moja ambalo halina pande mbili. Mgonjwa mwenye kifundo kilichopinda asipelekwe kwenye foleni ya eksirei kabla ya mtu kumchunguza mishipa na ngozi, kumpa dawa ya maumivu na kumfunga gango la kuushikiza mguu. Kwenye korido hakuna anayetazama rangi ya vidole.

Si hatari kukirudisha bila kujua mifupa imevunjika vipi?

Hatari ipo, ila ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, mradi nguvu iwe ya upole na ielekee kwenye mstari wa mguu. Kuvuta kwa utulivu huondoa mgandamizo, na mtu anayevuta hivyo ni vigumu kuvunja kilichokuwa kizima. Madhara hutoka kwa anayepindua kwa nguvu, anayerudia mara nyingi, au anayefanya bila ganzi huku misuli ya mgonjwa ikishindana naye.

Lipo jeraha moja linalopaswa kukaa akilini. Mwaka 1947 daktari wa mifupa aitwaye Bosworth alieleza hali ambapo kipande cha fibula hunasa nyuma ya muundi. Wayo hugeukia nje kupita kiasi, na kuvuta kwa kawaida hakuusogezi. Ukikuta ukinzani wa namna hiyo usishindane nao. Mgonjwa anahitaji chumba cha upasuaji.

Je, kanuni za Ottawa za kuamua nani apigwe eksirei zinatumika hapa?

Hazitumiki. Kanuni hizo, zilizotoka Kanada mwaka 1992, ni za mguu ulionyooka ambao hatujui kama umevunjika: huulizwa kama kuna maumivu ya mfupa kwenye sentimita 6 za mwisho za nundu za pembeni mwa kifundo, au kama mtu anashindwa kupiga hatua 4. Kifundo kilichopinda kitapigwa picha tu, hakuna shaka. Kinachoamuliwa ni lini.

Mgonjwa atapewa nini kwa maumivu?

Huanza na dawa kali kwenye mshipa, kama mofini, au gesi ya kuvuta ya nitrasi oksaidi wakati kanula inawekwa. Kwa kurudisha kiungo chenyewe kuna njia mbili kuu.

Ya kwanza ni usingizi mwepesi wa muda mfupi kwa ketamini, propofoli au dawa nyingine za aina hiyo. Misuli hulegea na mgonjwa kwa kawaida hakumbuki. Lakini inadai watu na vifaa: mmoja wa kuangalia pumzi na njia ya hewa tu bila kushika mguu, oksijeni, mashine ya kunyonya mate, vipimo vya oksijeni na kaboni dioksidi inayotoka. Penye upungufu wa watu, njia hii huchukua muda mrefu kuandaliwa, na muda ndio tunaoupigania.

Ya pili ni ganzi ndani ya kiungo. Baada ya kusafisha ngozi vizuri, sindano huingizwa kwenye kiungo kwa mbele, damu iliyojaa huvutwa kwanza kuhakikisha sindano iko mahali pake, kisha lidokeini, dawa ya ganzi, huwekwa. Mililita 10 za lidokeini ya asilimia 1 zina miligramu 100, na kiwango cha juu kilicho salama cha lidokeini isiyochanganywa na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Ganzi hii huandaliwa haraka, haidai mtu wa pili wa kusimamia pumzi, na kwa wagonjwa wengi hutosha. Hailegezi misuli kama usingizi unavyofanya, kwa hiyo mgonjwa mwenye misuli mikubwa au mwenye hofu nyingi anaweza kuhitaji njia ya kwanza.

Ngozi ikiwa inakaribia kufa, tumia ile iliyo tayari mapema.

Kiungo kinarudishwaje?

Goti likunjwe. Hii ndiyo siri, na ndilo kosa la kwanza ninaloliona. Misuli mikubwa ya shavu la mguu hupita nyuma ya goti kabla ya kushika kisigino. Goti likiwa limenyooka, misuli hiyo imekaza na unavutana nayo. Likikunjwa nyuzi 90 hulegea. Percivall Pott, mpasuaji wa London wa karne ya 18, alilifundisha jambo hili zamani: mkao unaolegeza misuli huondoa haja ya nguvu nyingi.

Msaidizi hushika paja goti likiwa limekunjwa. Anayerudisha hushika kisigino kwa mkono mmoja na mgongo wa wayo kwa mwingine, kisha huvuta polepole kufuata mstari wa mguu. Wakati mwingine inabidi kuongeza kidogo ule upindo ulioko ili kipande kilichonasa kiachie. Halafu, kwa wayo uliohama nje na nyuma, kisigino huletwa mbele na ndani huku muundi ukishikiliwa nyuma. Mara nyingi kiungo kikirudi husikika au huhisiwa mlio mzito, umbo linarudi, na ngozi iliyokuwa nyeupe huanza kupata rangi mbele ya macho yako.

Kama upo peke yako, mbinu ya Quigley inafaa. Paja hugeuzwa kuelekea nje goti likiwa limekunjwa, na mguu huinuliwa kwa kushika kidole gumba. Uzito wa mguu wenyewe hufanya kazi, wayo unageukia ndani na talusi inateleza kurudi. Inapendeza kwa majeraha ya kugeuka nje, ambayo ndiyo mengi.

Jaribu mara moja, na ikibidi mara ya pili ganzi ikiwa imeboreshwa. Kisha mwite mtaalamu wa mifupa.

Baada ya kurudi kinafungwa namna gani?

Plasta iandaliwe kabla ya kuvuta, si baada, kwa sababu kifundo hiki hakina kinachokishikilia na kinaweza kutoka tena wakati mtu anatafuta maji. Hutumika plasta ya nusu, inayopita nyuma ya mguu kutoka chini ya goti hadi vidoleni, pamoja na nyingine ya kupita chini ya kisigino na kupanda pande zote mbili. Plasta ya kuzunguka mguu mzima haifai siku za kwanza maana uvimbe hauna pa kwenda. Wayo ukae kwa nyuzi 90, na pamba ya kutosha iwekwe kisigino na kwenye nundu. Anayeshikilia asiachie hadi plasta ikauke, na akandamize kwa kiganja, maana vidole huacha mashimo yanayochoma ngozi.

Kisha pima tena mapigo, hisia na ngozi, uandike saa.

Eksirei ya baada ya kurudisha ni ya lazima?

Ni ya lazima, na haina mjadala. Ipigwe mguu ukiwa ndani ya plasta, kwa mbele, kwa pembeni, na ile ambayo mguu umegeuzwa ndani nyuzi 15 hadi 20 ili tundu lote la kiungo lionekane. Talusi iwe chini ya muundi kwa picha zote. Watu wengi huangalia ya mbele wakaridhika, kumbe kwa pembeni talusi bado imerudi nyuma. Nafasi kati ya talusi na nundu ya ndani ikizidi milimita 4, kiungo bado hakijakaa sawa. Kama kulikuwa na maumivu juu karibu na goti, picha ya mguu mzima ichukuliwe sasa.

Mgonjwa asiruhusiwe kwenda wodini wala kuhamishwa hospitali kabla picha hii haijatazamwa na mtu anayejua kuisoma. Kifundo kilichorudishwa nusu kikasafirishwa saa kadhaa ndani ya plasta ni kibaya kuliko ambacho hakikuguswa, kwa sababu plasta huficha ngozi inayokufa.

Kikikataa kurudi, au kikitoka tena ndani ya plasta?

Huenda kuna kano, neva, mshipa au kipande cha mfupa kilichoingia katikati, au ukingo wa nyuma wa muundi umevunjika kipande kikubwa mno hata hakuna kinachozuia talusi. Mgonjwa huyu anahitaji chumba cha upasuaji siku hiyo hiyo. Mara nyingi huwekewa fremu ya nje, yaani vyuma vinavyopita kwenye muundi na kisigino na kuunganishwa kwa fito nje ya ngozi, ili kiungo kitulie huku uvimbe ukishuka.

Mapigo hayarudi hata baada ya kunyoosha?

Hakikisha kwanza kwamba kweli kimerudi na plasta haibani. Kama viko sawa na wayo bado ni baridi, mpasuaji wa mishipa ya damu aitwe mara moja. Hapa picha ya mishipa kwa sitiskani, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili tabaka kwa tabaka, inaweza kuhitajika, lakini isimcheleweshe mgonjwa ambaye wayo wake unakufa.

Kama mfupa umetoka nje?

Antibiotiki kwenye mshipa ianze ndani ya saa 1 tangu kuumia, au mara tu inapowezekana. Hakuna kitu kingine kwenye jeraha wazi chenye faida kubwa kwa jasho dogo kiasi hiki. Kinga ya pepopunda ihakikiwe. Toa kwa mkono uchafu mkubwa unaoonekana, piga picha moja ya jeraha ili wengine wasilifungue tena na tena, lifunike kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi, kisha rudisha kiungo na ukifunge. Kuosha jeraha kwa nguvu katika chumba cha dharura hakushauriwi, maana husukuma uchafu ndani zaidi. Usafishaji kamili hufanywa chumba cha upasuaji: papo hapo kama jeraha limeingia kinyesi, maji ya mtaro au udongo wa shambani, ndani ya saa 12 kama nguvu ya ajali ilikuwa kubwa, na ndani ya saa 24 kwa yaliyobaki.

Sitiskani inafanyika lini?

Baada ya kiungo kurudi. Ikifanywa kabla, inaonyesha vipande vilivyotawanyika katika mahali ambapo havitakaa, na inakula muda wa ngozi. Baada ya kurudi, au baada ya fremu ya nje kuwekwa, inaonyesha ukubwa na umbo la kipande cha nyuma na vipande vidogo vilivyonasa kiunganoni. Mpasuaji hupanga kutokana nayo wapi pa kupasua.

Kwa nini ndugu yangu bado hajafanyiwa upasuaji wakati amerudishiwa kiungo?

Kwa sababu dharura ilikuwa kurudisha kiungo, na hiyo imeshughulikiwa. Kuweka vyuma vya ndani hufaa siku ile ile au kesho yake, kama ngozi inaruhusu. Uvimbe ukishakuwa mkubwa au malengelenge yakitokea, kupasua ni kukaribisha kidonda kisichofunga. Husubiriwa ngozi ianze kukunjamana tena, mara nyingi wiki 1 hadi 2, mguu ukiwa umeinuliwa. Kusubiri huku ni sehemu ya tiba. Uliza, hata hivyo, kama picha ya baada ya kurudisha ilikuwa nzuri na nani anaangalia ngozi kila siku. Una haki ya kujibiwa.

Mgonjwa wa kisukari ana tofauti gani?

Kubwa. Neva zake zinaweza kuwa zimedhoofika, kwa hiyo anaweza kuingia akitembea juu ya kifundo kilichotoka na kusema kinauma kidogo tu. Maumivu madogo yasimdanganye mtu. Ngozi yake huvumilia kidogo, plasta huhitaji pamba zaidi na kukaguliwa mara nyingi zaidi, na muda wa kutokanyaga mara nyingi huwa karibu maradufu.

Na mtoto?

Mifupa yake ina sehemu laini ya kukulia karibu na kiungo, nayo huumia kirahisi kila anapovutwa. Kwa hiyo jaribio liwe moja, chini ya usingizi wa kutosha, na la upole sana. Wayo usiokosa damu unaweza kusubiri picha na daktari wa mifupa. Unaokosa damu haungoji, kama kwa mtu mzima.

Nimefungwa plasta nikaruhusiwa. Ni dalili gani zinirudishe haraka?

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, hasa yasiyosikia dawa au yanayozidi mtu akikunjua vidole vyako, ni dalili ya shinikizo ndani ya misuli. Nenda usiku huo huo. Vidole vikiwa baridi, vyeupe, vya bluu au vimekufa ganzi, vivyo hivyo. Wakati unajiandaa kwenda, inua mguu usawa wa moyo, si juu zaidi, maana ukiinuliwa sana damu hupungua.

Hisia ya moto au kuchoma mahali pamoja chini ya plasta, harufu mbaya, maji yanayoloanisha plasta au homa humaanisha ngozi inahitaji kutazamwa, hata kama tarehe ya kliniki ni kesho. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ukipata kifua kubana na pumzi fupi ghafla, damu inaweza kuwa imeganda kwenye mshipa. Kutotembea kwa wiki kadhaa huongeza hatari hiyo, kwa hiyo kabla ya kuondoka uliza kama unahitaji sindano ya kuizuia, hasa kama umewahi kupata tatizo hilo, una ujauzito, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni au una saratani. Na kama umehisi kitu kimehama ndani ya plasta, usisubiri: omba eksirei siku hiyo hiyo.